Risala ya Wachezaji na Wenye Mabanda ya Gemu kwa Kampuni za Michezo ya Video

Waheshimiwa Wakurugenzi wa kampuni zinazotengeneza na kuuza michezo ya video,

Sisi ni wachezaji wa gemu wa Dar es Salaam, pamoja na wenye mabanda tunamochezea. Kwa heshima zote tunawaletea risala hii kuhusu bei za michezo yenu mipya. Hatuombi kupewa bure. Gemu ni jasho la watu, na jasho la mtu hulipwa. Tunacholalamikia ni kwamba bei inapanda huku kile tunachokabidhiwa kikipungua mwaka hadi mwaka, na tunadai mturudishie haki za mnunuzi kabla hamjaigusa bei tena.

Tuanze na bei yenyewe. Tangu Xbox 360 ilipotoka mwaka 2005, gemu kubwa ilikaa kwenye dola 60 kwa takribani miaka 15. Mwaka 2020 ikaja PS5 ya Sony, na dola 70 ikawa ndiyo bei. Juni 2025 Nintendo wakatoa Mario Kart World pamoja na mashine yao ya Switch 2, kwa dola 80, ilhali Mario Kart 8 Deluxe ya mwaka 2017 iliuzwa dola 60. Microsoft nao mwaka huohuo walitangaza The Outer Worlds 2 kwa dola 80. Wachezaji wakapiga kelele, na Julai wakairudisha kwenye 70. Tunalitaja hilo mapema ili lieleweke kwamba bei hizi zinapangwa mezani, na mezani zinaweza kupanguliwa.

Kwetu sisi dola 70 ni zaidi ya laki moja na nusu. Tunaomba mwingie nasi kwenye banda moja la gemu, Manzese au Mbagala, muone laki moja na nusu inavyopatikana. Kuna televisheni mbili tatu ukutani, PS4 zilizonunuliwa mkononi kwa mtu, na feni iliyoelekezwa kwenye mashine zisichemke. Pedi zimeshikwa hadi mpira wa kidole gumba umelika na plastiki inaonekana. Vijana wamebanana kwenye benchi, mechi moja shilingi 500, anayefungwa anapisha. Mwenye banda akinunua gemu moja mpya, zichezwe zaidi ya mechi 300 ndipo arudishe hela ya gemu hiyo, kabla hajatia umeme wa LUKU, hajalipa pango na hajanunua pedi nyingine. Halafu ikifika Septemba wateja wanaanza kumuuliza FC mpya, ile gemu ya mpira ya EA, iko wapi. Wanataka kumwona mchezaji aliyehama akiwa na jezi yake mpya. Asipoileta, wanahamia banda la jirani. Akiileta, anakuta vikosi vimebadilishwa na mambo machache yamerekebishwa, ila bei ni ya gemu nzima, na mwakani atadaiwa tena.

Hoja zenu tumezisikiliza, na nyingine ni za kweli. Dola 60 za mwaka 2005 ni sawa na zaidi ya dola 90 za leo, kwa hiyo mnasema gemu imekuwa ikishuka thamani miaka yote hiyo bila sisi kulalamika. Gharama nazo zimepaa. Mwaka 2023, katika kesi ya Marekani kuhusu Microsoft kuinunua kampuni ya Activision Blizzard, nyaraka za Sony zilizofichwa maandishi kwa wino usiokolea zilionyesha kwamba gemu ya The Last of Us Part II peke yake ilikula takribani dola milioni 220. Hatubishi. Lakini gemu hiyohiyo ilipita nakala milioni 10 ndani ya miaka miwili. Wanunuzi wameongezeka sana kuliko mwaka 2005. Gemu nyingi sasa zinapakuliwa tu, bila kasha, bila kiwanda, bila meli. Na mnunuzi akishalipa dola zake 70, bado anauziwa humo ndani: EA, kwa hesabu zake yenyewe, hupata zaidi ya nusu ya mapato yake kwa huduma zinazoendelea baada ya gemu kununuliwa, zikiwamo pakiti za wachezaji za Ultimate Team kwenye FC. Mkihesabu mfumuko wa bei, hesabuni na hayo.

Mnasema pia kwamba nyongeza inalinda kazi za waliotengeneza. Januari 2024 Microsoft ilipunguza wafanyakazi 1,900 wa upande wa gemu, miezi mitatu tu baada ya kukamilisha ununuzi wa Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Mwezi uliofuata Sony ikapunguza 900. Mtu aliyekesha akichora mji mzima tunaoupita kwa gari tungependa kujua kwamba nyongeza yetu imemfikia. Hatuna dalili yoyote kwamba ilimfikia.

Sasa tuje kwenye kero iliyotufanya tuandike. Ubisoft walitoa The Crew Desemba 2014, gemu ya magari ambayo unaivuka Marekani yote kwa usukani. Hata mtu akicheza peke yake, ilikuwa lazima aunganishwe na seva za kampuni. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na gemu ikafa kwa kila aliyeilipia. Mtu akinunua jembe Kariakoo, muuzaji hawezi kumfuata shambani miaka 10 baadaye akalichukua kwa kuwa amechoka kuuza majembe. Kwenye gemu jambo hilo limefanyika, na kampuni ikasema mnunuzi alipewa leseni tu. Kama ni leseni, iandikwe hivyo pale pale kwenye kitufe cha kulipia, kwa herufi za kusomeka. Jimbo la California limeshatunga sheria ya kuwalazimisha wauzaji wa mtandaoni kusema hivyo, inayotumika tangu Januari 2025. Ulaya, kampeni ya Stop Killing Games iliyoanza baada ya seva za The Crew kuzimwa ilivuka saini milioni 1 Julai 2025. Sisi huko hatuna saini, lakini dai lao ni letu. Wala msituambie haiwezekani: baada ya kelele hizo Ubisoft wenyewe waliiwekea The Crew 2 njia ya kuchezwa bila intaneti mwaka 2025. Iliwezekana.

Kuna na sidii. Waheshimiwa, sidii ndiyo iliyotulea sisi. Sidii moja ya PS4 huanza kwa kijana aliyetumiwa na kaka yake aliyeko Dubai au London. Akiimaliza anaibadilisha kwa nyingine na kuongeza kidogo juu. Inapita dukani Kariakoo, inaingia bandani, inakaa msimu mmoja, kisha inapanda basi la Morogoro. Kila aliyeishika alilipa kipande cha ile bei, na hivyo laki moja na nusu ikabebeka. Njia hiyo mnaiziba. PS5 Pro ya mwaka 2024 iliuzwa dola 700 bila sehemu ya kuweka sidii, sehemu hiyo inanunuliwa kando. Baadhi ya kadi za Switch 2 ndani hazina gemu. Ni ufunguo tu wa kukuruhusu kuipakua. Gemu kubwa za siku hizi zinapita gigabaiti 100, na anayejua bei ya bando hapa kwetu anajua maana yake. Faili lililofungwa kwenye akaunti ya mtu huliazimi, huliuzi, na mdogo wako halirithi.

Hiyo akaunti nayo kwetu ni ya kuomba. Hadi tunaandika risala hii Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network (PSN). Mchezaji wa Temeke anajiandikisha kama mkazi wa Marekani au Afrika Kusini, ananunua kadi ya vocha kwa mtu anayeweka faida yake juu, na siku akaunti ikifungwa hana ofisi ya kwenda. Mei 2024 Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PSN, gemu iliondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170, Tanzania na Kenya zikiwamo. Watu walikuwa wameshainunua. Sony wakabatilisha sharti siku chache baadaye, baada ya wachezaji wa dunia nzima kuja juu. Sisi tulibaki na swali ambalo halijajibiwa: mnawezaje kupokea hela ya mtu ambaye kwenye orodha yenu hayupo?

Kuhusu gemu kutolewa mbichi hatutasema mengi, maana mnayajua. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa hoi kwenye PS4 kiasi kwamba Sony waliiondoa dukani mwao baada ya wiki moja, ikarudi Juni 2021. Wenye PS4 ndio wengi huku kwetu. Hata siku ya kuanza kucheza inauzwa: mwaka 2023 aliyelipa dola 100 kwa toleo la juu la Starfield aliruhusiwa kuicheza hadi siku tano kabla ya aliyelipa 70. Kwa anayetaka kucheza siku moja na wenzake, basi bei ilikuwa 100.

Zipo gemu zinazostahili bei yake, na tunazisema kwa majina kwa sababu tunataka zizae nyingine. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 iliuzwa dola 70 kwenye PS5, ikiwa kamili, bila duka la vikorokoro ndani yake, na hatujasikia mchezaji akidai ameibiwa. Clair Obscur: Expedition 33, kazi ya studio changa ya Montpellier nchini Ufaransa, ilitoka Aprili 2025 kwa dola 50 na mwisho wa mwaka ikatwaa tuzo ya gemu bora kwenye The Game Awards. Hollow Knight: Silksong ya Team Cherry wa Australia iliuzwa dola 20 Septemba 2025, na siku ya kwanza maduka ya mtandaoni yalizidiwa na wateja. Wachezaji hawaogopi kulipa. Wanaogopa kulipia kitu ambacho kesho hakitakuwapo.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, tunadai yafuatayo.

Gemu iliyouzwa kwa bei kamili ibaki inachezeka. Siku mkiamua kuzima seva, toeni kwanza toleo la kuchezwa bila intaneti, au waruhusuni wachezaji kuendesha seva zao wenyewe. Anayenunua aelezwe kabla ya kulipa kama gemu inahitaji seva na mnaahidi kuiwasha hadi lini. Hili likishindikana, rudisheni fedha, kama Sony walivyofanya kwa gemu yao ya Concord, ambayo ilizimwa Septemba 2024 wiki mbili tu baada ya kutoka, na kila aliyeinunua akarudishiwa hela yake.

Sidii ibaki, gemu ikiwa ndani yake. Mkitaka tuhamie kwenye kupakua, basi tupeni haki ya kuuza na kuazimana faili kama tunavyouza na kuazimana sidii, na bei ishuke kwa kiasi cha gharama mlichookoa.

Bei ipangwe kwa kipato cha nchi. Valve walishafanya hivyo Novemba 2023: waliweka bei ya dola ya kikanda kwenye duka lao la mtandaoni la Steam kwa baadhi ya nchi za Amerika ya Kilatini, na nyingine kwa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Mpaka wa hisani hiyo ukaishia jangwani. Kenya, ambako mwaka 2025 kibarua wa Nairobi alikuwa na kima cha chini cha takribani shilingi 16,000 za Kenya kwa mwezi, dola 70 zilikuwa zaidi ya nusu ya mshahara huo. Ongezeni kanda ya Afrika Mashariki, pokeeni malipo kwa M-Pesa na mitandao mingine ya simu, na Tanzania iingizwe kwenye orodha ya nchi zenu ili mtu aandike anuani yake ya kweli.

Gemu ya mpira ya kila mwaka iwe na njia ya kulipia vikosi vipya tu, kwa bei ya vikosi, kwa mtu aliyenunua toleo la mwaka uliopita.

Dai la mwisho ni la wenye mabanda. Masharti yenu yanasema gemu ni ya matumizi binafsi yasiyo ya biashara, na hatujaona dirisha ambalo mwenye banda la Mbagala anaweza kwenda kuomba ruhusa na kulipa ada anayoiweza. Fungueni dirisha hilo. Iwekeni leseni ya banda, ya mwezi au ya mwaka, kwa kila mashine, ilipwe kwa simu. Bandani ndipo wengi wetu tulishika pedi kwa mara ya kwanza, na wateja wenu wa kesho wamekaa kwenye benchi lile wakisubiri zamu. Mwenye banda anataka kufanya kazi kihalali na kuwalipa. Hana pa kuanzia.

Hadi tupate majibu, tutaendelea kununua sidii zilizotumika na kusubiri punguzo. Gemu itakayotoka ikiwa kamili, ikiwa ya mnunuzi kweli, kwa bei iliyofikiria mfuko wetu, tutainunua siku ya kwanza na kuitangaza banda kwa banda.

Tunaomba kuwasilisha.

Wachezaji na wenye mabanda ya gemu,
Dar es Salaam