Chumba cha Damu ya Mzee

Wengi wetu tunapamba sebule kwa ajili ya wageni, na chumba cha kulala tunakiachia magunia na masanduku. Sisi tuliamua kuyatoa. Ukuta wa kichwani mwa kitanda tukaupaka rangi ya damu ya mzee, mara mbili, rangi ya maji isiyo na harufu kali. Kuta tatu tuliziacha rangi ya maziwa, maana chumba ni kidogo na giza pande zote lingekibana. Tukatundika pazia zito la zambarau, tukatandika shuka za waridi lililokolea, na kando ya kitanda tukaweka taa ndogo ya mwanga wa manjano. Baba watoto alisimama mlangoni akauliza kama amekosea nyumba!

Hapo ndipo tulipojisahau, sisi wauguzi. Mbu hupenda kutua penye giza, na juu ya ukuta wa namna hiyo humwoni. Chandarua tulikivua kwa kuwa weupe wake uliharibu pambo. Wiki ya tatu tulipima damu, tukameza dawa mseto. Kimerudi, na kila jioni tunakichomeka chini ya godoro. Asubuhi tunafungua pazia na madirisha, hewa na jua viingie. Mishumaa hatuwashi, kwani chandarua hushika moto upesi.

Vumbi huonekana haraka kwenye rangi hii. Tunapitisha kitambaa chenye unyevu kila Jumamosi. Magunia ya mahindi yamehamia stoo.