Binti, Leso na Kompyuta



Mama mmoja wa Matulo, kule Webuye katika Kaunti ya Bungoma, ametuletea swali ambalo twaamini limo katika nyumba nyingi, za bara na za pwani. Binti yake amemaliza shule, yupo nyumbani, na amepewa na mjombake kompyuta kuukuu. Ataka kujifunza kuchora kwayo. Babake amekataa, akisema kuchora ni haramu na intaneti ni uharibifu.

Baba huyu amcha Mola wake, wala hastahili kubezwa. Makatazo ya kutengeneza sura za viumbe wenye roho yamethibiti, na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i wameyatilia mkazo. Lakini katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya mtu aliyemwendea Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awawie radhi yeye na babake, akamweleza kwamba riziki yake yatokana na kuchora. Ibn Abbas alimsomea makatazo, na mtu yule alipobadilika uso kwa hofu, akamwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Hakumvunja mkono, alimpa mlango wa kupitia. Ndani ya mpaka huo mafundi wa Lamu wamechonga nakshi za milango, mama zetu wamepakana hina, na pindo za leso zimejaa maua na korosho. Basi baba na aulize ni nini kinachochorwa, si kwa chombo gani.

Ama intaneti, ataihitaji mara moja tu, kuipakua programu. Iitwayo Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, hutolewa bure kwa idhini ya walioitengeneza, na ikishaingia hufanya kazi bila mtandao. Tunalisema hili kwa sababu vijana wengi huchukua programu za bei kubwa zilizovunjwa kufuli. Hiyo ni mali ya watu, na hatuoni udhuru wa kuichukua ilhali ya halali ipo. Kompyuta na iwekwe sebuleni, baba apate kuona.

Mwanafunzi asianze kwa kuburuta kipanya kama kalamu. Mistari itatetemeka naye atakata tamaa. Programu hii huchora kwa maumbo. Achore mraba mmoja kwa kuvuta mshazari huku ameshika kitufe cha Ctrl, pande zitoke sawa. Ctrl pamoja na D itatoa mraba wa pili juu ya ule wa kwanza. Aubofye tena mpaka mishale ya kuzungusha itokee pembeni, auzungushe akishika Ctrl: kila hatua ni nyuzi 15, na hatua 3 ni nyuzi 45. Hapo itatokea nyota ya pembe 8, ile ile tuionayo katika misahafu na kuta za misikiti. Ua moja la pindo hali kadhalika: huchorwa mara moja, likanakiliwa kuzunguka mji wa leso nzima. Kwa kuwa mchoro huhifadhiwa kwa hesabu ya mistari, si kwa vidoto vya rangi, waweza kukuzwa kutoka upana wa kidole hadi upana wa leso bila kufifia. Na ahifadhi kazi yake kila baada ya dakika chache, maana stima haitoi taarifa ikiondoka.

Asitarajie fedha mwezi wa kwanza. Akianza kuuza kadi za harusi au mifano ya hina, asinakili pambo la fundi mwingine akaliita lake.

Mama ameuliza pia juu ya kuandika majina kwa herufi za Kiarabu. Tungependa aanze na alif, asikimbilie aya. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, alizipima herufi kwa nukta ya kalamu, na katika hati ya thuluthi urefu wa alif kwa kawaida huhesabiwa nukta 7. Nukta hiyo ni mraba uliosimama kwa pembe yake. Binti ameshajifunza kuuchora. Anakili 7, azipange wima, kisha aisimamishe alif yake kando yake.