Masikio ya Dereva ni ya Abiria

Ndugu na dada zetu wa Nakivale, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma kimya kimya bila kuacha neno, leo tuongee kuhusu boda. Kuanzia Base Camp mpaka Rubondo na Juru, kila steji ina ubishi ambao hauishi: dereva akiwa njiani asikilize nini, muziki au injini?

Upande wa muziki utasikia, "Bila miziki niko nasinzia, ndugu." Upande wa injini utajibiwa, "Pikipiki inaongea, wewe umeziba masikio." Basi wanabishana mpaka abiria atokee, wote wanakimbilia hela, ubishi unalala hadi kesho.

Sisi tuna msimamo, na tunausema mapema ili hata asiyefika mwisho aondoke nao. Ukiwa na abiria mgongoni, toa hedifoni masikioni. Na ile sailensa uliyoitoboa ili injini iimbe, irudishe ilivyokuwa.

Kabla hamjatupiga mawe, tuanze kwa kuuheshimu muziki. Hatuko hapa kuwaambia vijana kwamba muziki ni upuuzi. Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na tangu hapo watu wamekuja wakiwa na godoro, sufuria na nyimbo. Rumba ya Kongo iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021. Ngoma za kifalme za Burundi zilitangulia mwaka 2014. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, akavuka akaenda Dar es Salaam mwaka 1978, na Watanzania wakampenda kama mtoto wao. Kwa hiyo kijana wa boda anapoweka gitaa la sebene masikioni, usiseme anapoteza muda. Anarudi nyumbani kwa dakika tano. Nyumba yenyewe huenda haipo tena, lakini wimbo upo.

Tatizo letu ni mahali na wakati tu.

Sasa tuangalie injini. Boda nyingi hapa zina injini ya silinda moja, ya cc 100 mpaka 125, ya mipigo 4. Pistoni inavuta hewa na mafuta, inabana, moto unawaka, moshi unatoka, halafu inaanza upya. Ikiwa nzima, unasikia mlio mmoja ulionyooka. Ikianza kuumwa, inakwambia mapema. Ukisikia chuma kinagonga haraka haraka juu kwenye kichwa cha injini, mara nyingi valvu zinataka kurekebishwa. Ukisikia mlio wa kukwaruza kwa pembeni, huenda cheni ya ndani imelegea. Ukipanda kilima na gia kubwa halafu injini ikaanza kugonga, inakuomba ushushe gia. Cheni ya nje ikikaukia vumbi la hizi barabara zetu, nayo inalia.

Injini ndogo kama hiyo inabeba oili kama lita 1 tu. Ikivuja, pikipiki nyingi za aina hii hazina taa ya kukuonya. Onyo lako ni sauti. Usipoisikia, chuma kinakula chuma mpaka injini inanoki, na hapo fundi hakuombi hela ndogo. Tena wengi wetu pikipiki si zetu. Kuna mwenye mali anayengoja hesabu yake ya wiki, na hesabu haijui habari ya injini iliyokufa. Kwa kijana ambaye mgao wa chakula umepunguzwa na anategemea boda kulisha wadogo zake, sauti ya injini ni kama kikohozi cha ng'ombe wa maziwa. Mfugaji hawezi kuacha kukisikia.

Na injini ni nusu tu ya habari. Kiangazi, lori likikupita, vumbi linafunga barabara yote. Hapo macho hayana kazi. Honi ya lori la pili linalokuja nyuma utaisikia kwa nini? Na mama uliyembeba, ana mtoto mgongoni, akisema "taratibu, kitenge kinalegea", nani atamsikia? Yeye amekupa mwili wake na wa mtoto wake uwabebe. Hana usukani, hana breki. Alichobaki nacho ni mdomo, na mdomo wake unahitaji sikio lako. Ndiyo maana tunasema masikio ya dereva akiwa kazini si yake peke yake, abiria amelipia.

Kuna jambo la afya pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80. Ikifika desibeli 90, muda salama unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Njiani upepo unapiga, injini inanguruma, kwa hiyo unaongeza sauti mpaka uishinde hiyo yote. Saa 4 za dereva wa boda zinaisha siku ya kwanza, kabla ya mchana.

Ubishi huu una ndugu zake mbali. California, Marekani, miaka ya 1930, vijana wasio na pesa nyingi walikuwa wananunua magari makuukuu ya Ford, wanang'oa kila kilicholeta uzito, wanaipa injini nguvu. Ford ya mwaka 1932 yenye injini ya V8 ikawa kipenzi chao. Magari hayo ndiyo hotirodi. Waliyashindanisha kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc, na mwaka 1937 vilabu vyao vikaungana kuwa chama, Southern California Timing Association, ili kasi ipimwe kwa utaratibu. Hadi leo mpenzi wa hotirodi anaweza kukataa kabisa kuweka redio ndani ya gari, akikwambia injini ndiyo muziki wenyewe. Tunamwelewa. Mafundi wetu wanaotoa kabureta kwenye pikipiki iliyokufa na kuifufua nyingine ni wa damu hiyo hiyo.

Lakini wale walikwenda kukimbizana kwenye tambarare isiyo na soko wala shule. Barabara yetu inapita katikati ya wauza nyanya, watoto wa shule, ng'ombe na foleni ya maji. Mlio wa hotirodi jangwani ni raha ya mwenye gari. Mlio wa sailensa iliyotobolewa kati ya nyumba za wakimbizi ni kitu kingine kabisa.

Hapa tuongee kwa upole, maana ndipo panapouma. Ukitoboa sailensa, halafu ukafunga mafuta ghafla kwenye mteremko, petroli ambayo haijaungua inawakia ndani ya bomba la moshi: paa! Wewe na wenzako mnacheka. Geuka uangalie pembeni ya barabara. Kuna mtoto ameingia chini ya kitanda. Kuna mzee ameacha jembe, amelala chini shambani. Wengi wetu tumetoka Kivu, Ituri, Burundi, Somalia. Kuna waliojifunza kutofautisha milio ya bunduki kabla hawajajifunza kusoma. Tulikuja huku ili tusiusikie mlio huo tena. Anayeununua kwa fundi na kuutembeza mbele ya milango yetu saa nne usiku anatuchokoza pabaya, hata kama hakukusudia.

Na ukweli una upande wa pili, ambao wafanyakazi wa mashirika tunawaomba wausikie vizuri. Wapo wenzetu wanaoziba masikio kwa sababu kimya kinawarudishia mambo. Ukiwa peke yako kwenye barabara ya giza, injini inanguruma vile vile kama lile lori la usiku ule, muziki unakuwa dawa ya haraka. Kijana kama huyo ukimkemea tu kwenye semina ya usalama barabarani, atatoa hedifoni mbele yako na kuzirudisha ukishaondoka. Muulize kwanza analala vipi. Huenda anachohitaji ni mtu wa kuongea naye, na kikoti cha kung'aa mlichomletea hakiwezi kuifanya kazi hiyo.

Tunazijua hoja za kutupinga. Mmoja anasema, "Mbona wapo viziwi wanaoendesha vizuri?" Kweli wapo. Lakini kiziwi amezoea kuangalia mara mbili, na vioo vyake anavithamini. Wewe umeziba masikio na vioo ulivifungua zamani ukaviweka nyumbani ili upite kwenye msongamano. Umejifanya kiziwi bila kujifunza kazi ya kiziwi.

Mwingine anasema, "Basi nafunga spika kwenye pikipiki, abiria naye anafurahi." Umemuuliza? Huenda anatoka msibani. Huenda anampeleka mgonjwa kituo cha afya. Spika inakuzuia kumsikia sawa na hedifoni, tofauti ni kwamba sasa hata yeye hasikii.

Wa tatu anasema pikipiki za umeme zinakuja na hazina kelele, ubishi utakufa wenyewe. Zikija, karibu. Ila pikipiki isiyo na mlio haitamwonya mtoto anayevuka, kwa hiyo dereva wake atahitaji masikio kuliko sisi wa petroli.

Pendekezo letu ni dogo, na halihitaji bajeti ya mradi. Asubuhi, kabla ya safari ya kwanza, washa injini na uisikilize dakika moja bila kuongea na mtu. Kila steji iwe na spika moja, na muziki upigwe pale madereva wanapongoja, kwa zamu: leo rumba, kesho nyimbo za Kirundi, keshokutwa za Kisomali. Abiria akipanda, hedifoni ziingie mfukoni. Ukiwa peke yako na usingizi unakuvuta, usiufukuze kwa muziki, paki chini ya mti ulale dakika kumi. Na viongozi wa steji wakubaliane kwamba mwenye sailensa iliyotobolewa hapokei abiria mpaka ameiziba. Sheria iliyotungwa na madereva wenyewe inaheshimiwa kuliko bango lolote.

Nanyi abiria msiogope. Mwambie dereva, "Kaka, naomba utoe hizo, nataka unisikie." Umelipa nauli, na uhai ni wako.

Mwenye hoja tofauti aandike hapa chini, tutajibu kila mmoja. Dereva aliye njiani asome akishapaki.