Minervali tunalipa, na mutoto anajifunza nini inje ya darasa?

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, mu nyumba mingi za Dilala na Manika maneno ni ileile. Baba anatoa makuta ya minervali, anamwambia mutoto: «Kule kampus, masomo tu. Usijitie mu mambo ya watu.» Sisi wa sendika tunaelewa sana. Makuta ile imetoka mu kazi ya usiku, na mwenye kuilipa pengine iko na kontra ya miezi tatu kwa kampuni inayokodisha watu ku mugodi. Hapendi kuona inamalizikia mu pombe.

Kuna na woga wa zamani. Wazazi hawajasahau usiku wa tarehe 11 kwenda 12 Mei 1990, wakati wanafunzi walishambuliwa na kuuawa mu kampus ya Lubumbashi. Tangu pale, kwa watu wengi, mwanafunzi anayesimama kusema mu mukutano ni mwanafunzi anayetafuta kifo.

Lakini tuangalie mambo ya leo. Universite ya Kolwezi, vyuo vingine vya hapa, na ile ya Lubumbashi, vyote vinatoa wenye diplome. Tunawaona ku mulango ya kampuni, faili mu mukono. Diplome zinafanana. Wale wanaopita mbele, vile tunavyoona sisi, ni wale waliofanya na kitu ingine: aliyeshika kese ya likelemba ya wenzake na haikupotea hata franka moja, aliyekuwa CP wa promosio yake, akajua kusema na profesa bila kumutukana na bila kumupigia magoti, aliyekuwa anaandika ripoti ya mikutano.

Ile kazi ya kuandika ripoti, watu wanaizarau. Sisi tunajua bei yake. Siku ya kubishana juu ya mushahara, kampuni inakuja na avoka na mutu wa hesabu. Upande wetu anakaa delege aliyetoka kazini asubuhi ile. Kama ripoti ya mukutano uliopita haikuandikwa vizuri, wanakana neno walilosema, na hatuna kitu ya kuonyesha. Delege anayejua kuandika, kusoma hesabu ya kampuni, na kumusikiliza mwenzake mupaka mwisho, vile hajifunzi mu kozi ya kemia. Lumumba mwenyewe hakufika universite. Alikuwa mutumikaji wa posta kule Stanleyville, na ni mu chama cha watu wa posta, paka mu mikutano na mu gazeti yao ndogo, njo alijizoeza kuongoza watu. Sasa mutoto wetu anayekaa miaka tatu ao tano mu kampus, atoke pale hajawahi kuongoza hata timu ya mupira?

Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inalazimisha kila kampuni inayochimba kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoikaa kando. Nani mu kijiji atasoma zile karatasi na kuuliza swali? Ni huyu mwanafunzi, kama amezoea kuuliza.

Na kuna neno moja ambalo tunataka kulikalia. Mu kampus, wanafunzi wengi wanakimbilia mutuelle ya kabila yao. Ni vizuri wakati wa ugonjwa ao wa kilio. Lakini mwenye kula, kulala na kucheka paka na watu wa kwao, huyo tunamuogopa. Mwaka 1993, hapa Kolwezi, tuliona ndugu wa Kasai wakilala ku gare na mizigo yao, wakingojea treni juu walifukuzwa. Wengine walikuwa wametumika Gécamines maisha yote. Watoto wengi walikufa njiani. Chini ya mugodi, mutu anayeshika taa pembeni yako, hauulizi kabila yake. Kampus ni fasi ya kwanza ambapo mutoto anaweza kuchagua rafiki bila mujomba kumuchagulia. Asiipoteze.

Luga pia. Migodi mingi ya hapa iko mu mikono ya Wachina, na barua nyingi zinaandikwa Kiingereza. Rafiki wa kujifunza naye saa moja kila jioni haombi minervali.

Hatusemi kila kitu cha kampus ni kizuri. Kupiga na kuaibisha wanafunzi wapya ni ujinga, na pombe ni pombe.

Kwa wale watakaorudi vakansi: mikutano yetu iko wazi. Mutoto wa mutumikaji akuje, akae nyuma, asikilize vile watu wanabishana juu ya primu ya usiku, aandike. Tunaomba na makampuni yatoe nafasi za staji kwa watoto wa hapa mbele hawajamaliza masomo, si kisha. Na baba, wakati anauliza ku telefone «umepata pointi ngapi?», aulize tena: «kule unashika kazi gani, na unakaa na nani?»