Teknolojia ya utafiti ni bure iwapo sauti hazirudi nyumbani

Mtafiti wa lugha anayefunga safari leo kwenda Laikipia, Loiyangalani au Lamu hahitaji tena kujitwika begi la kanda na rundo la betri. Simu iliyo mfukoni mwake hunasa sauti, hupiga picha, huonyesha mahali aliposimama kwa msaada wa setilaiti, na jioni humwezesha kuyatuma aliyoyakusanya hadi upande wa pili wa dunia kabla ugali haujaiva. Haya ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, lipo swali ambalo halisikiki sana katika shangwe hizi: baada ya mtafiti kwenda zake, sauti alizozinasa humfaa nani?

Hoja yangu ni kwamba teknolojia ya utafiti wa nyanjani isipimwe kwa wepesi wake wa kukusanya pekee. Ipimwe pia kwa wepesi wa kurudisha. Kwa kipimo hicho cha pili, bara letu la Afrika lingali nyuma sana, na lawama si ya wageni peke yao.

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Teknolojia hii imetufaa. Mwaka wa 2008, Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani kilianzisha programu ya bure iitwayo Open Data Kit, inayomwezesha mtafiti kuandaa hojaji katika simu, kuijaza mahali pasipo mtandao, kisha kuituma mtandao unapopatikana. Watafiti wa afya na kilimo katika nchi nyingi za Afrika wameitumia. Kwa upande wetu sisi wanaisimu, Taasisi ya Max Planck iliyoko Nijmegen, Uholanzi, ilitupa programu ya ELAN, ambayo huambatanisha kila kipande cha sauti au video na maandishi yake. Faida yake si ndogo. Zamani msomaji wa tasnifu alilazimika kuamini tu kwamba mzee fulani alitamka neno fulani kwa namna iliyoelezwa. Siku hizi anaweza kuisikiliza sauti yenyewe, akamkosoa mtafiti kwa ushahidi.

Mfano ulionivutia zaidi watoka Afrika ya Kati. Kuanzia mwaka wa 2015, wataalamu wa Ufaransa na Ujerumani waliendesha mradi kuhusu lugha tatu za Kibantu: Kibasaa cha Kameruni, Kimyene cha Gaboni na Kiembosi cha Kongo-Brazzaville. Walitumia programu ya simu iitwayo Lig-Aikuma. Mzungumzaji husikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa, huyarudia polepole kwa matamshi yaliyo wazi, kisha huyatafsiri kwa mdomo kwa Kifaransa. Hapa hahitaji kalamu wala daftari. Mtu ambaye hajazoea kuiandika lugha yake anakuwa mshiriki kamili wa utafiti, wala si chombo cha kutolewa maneno tu. Hiyo ndiyo teknolojia inayomheshimu mwenye lugha.

Lakini tusidanganyike kwamba mashine imeimaliza kazi. Kunasa ni rahisi, kunukuu ndiko kugumu. Saa moja ya mazungumzo ya kawaida yaweza kudai makumi ya saa za kuyaandika, kuyatafsiri na kuyafafanua. Mashine za akili bandia zinazogeuza sauti kuwa maandishi zinakisia vizuri katika lugha zilizolishwa maelfu ya saa za matamshi, ila huyumba zikutanapo na lugha zisizo na hazina hiyo. Chukua Kidholuo. Neno linaloandikwa kendo laweza kuwa kuoa au meko, kutegemea matamshi, na tahajia ya kawaida haionyeshi tofauti hiyo. Asiyeijua lugha hataokolewa na mashine. Atahitaji mwenye lugha aketi naye, siku baada ya siku.

Hapo ndipo suala la imani linapozuka. Miaka zaidi ya kumi iliyopita, nikikusanya data ukingoni mwa Mto Tana kwa ajili ya shahada yangu ya uzamifu, nilikaribishwa na bibi mmoja aliyesifika kwa ngano. Kabla sijawasha kinasa sauti aliniuliza, “Mwanangu, yule aliyekuja kabla yako alizibeba hadithi zetu. Alizipeleka wapi?” Nilimjibu, “Nyanya, sijui.” Naye akasema, “Basi wewe niambie kwanza utazipeleka wapi, ndipo nianze.” Nimesoma vitabu vingi kuhusu maadili ya utafiti, lakini sijakutana na sentensi inayoyafupisha kuliko hiyo.

Swali la bibi huyo lina historia ndefu. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alinasa nyimbo za Wakipsigis katika Bonde la Ufa, ikiwemo ile iitwayo Chemirocha, jina lililotokana na mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers. Mnamo 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika nchini Afrika Kusini, na nyimbo hizo zikahifadhiwa huko, zikasikilizwa na wasomi na wapenzi wa muziki katika nchi za mbali. Zilirudishwa kwa Wakipsigis mwaka wa 2014, maktaba hiyo iliposhirikiana na Ketebul Music ya Nairobi. Miaka 64 ilikuwa imepita. Mtoto aliyezaliwa siku zile alikuwa amekwisha kuwa babu.

Bila shaka, Tracey hakuwa na mtandao. Sisi tunao. Je, sauti za leo zinarudi haraka zaidi? Hifadhi kubwa ya lugha zilizo hatarini iliyoanzishwa London mwaka wa 2002 ilihamia Berlin mwaka wa 2021, ikiwa na mikusanyiko kutoka pembe zote za dunia, Afrika ikiwemo. Hifadhi za namna hii zinastahili pongezi, kwa kuwa bila hizo sauti nyingi zingekuwa zimepotea kabisa. Lakini hebu jiweke katika nafasi ya mwalimu wa shule ya msingi karibu na msitu wa Mukogodo, anayetaka wanafunzi wake wasikie Kiyaaku, lugha ambayo jamii yake iliiacha na kukumbatia Kimaa. Atajisajili katika tovuti ya kigeni, kwa lugha ya kigeni, aombe idhini, kisha alipie mtandao wa kupakulia faili ambazo saa moja tu huzidi megabaiti 300 zisipobanwa. Mlango uko wazi, ila njia ya kuufikia imejaa miiba.

Nimesema lawama si ya wageni peke yao. Vyuo vikuu vyetu humtaka mwanafunzi wa uzamili awasilishe nakala za tasnifu zilizojalidiwa vizuri, lakini ni mara chache sana zinasisitiza awasilishe sauti zilizozaa tasnifu hiyo. Sauti hubaki katika simu yake. Simu huibwa, huanguka majini au huuzwa. Kanda za waliotutangulia nazo huozea madrowani. Mzee aliyehojiwa hufa, na kumbe sauti yake nayo ilikwisha kufa zamani, si Ulaya, bali papa hapa petu.

Si kwamba tumekosa sheria. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inaitaka Serikali ilinde uanuwai wa lugha za Wakenya na kukuza matumizi ya lugha za kiasili. Sheria ya 2016 inalinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inautaja utambuzi wa sauti miongoni mwa data za kimaumbile zinazomtambulisha mtu. Kifungu hiki cha mwisho kina uzito wa pekee leo, wakati sauti zimekuwa malighafi ya kufunzia mashine. Mzee aliyekubali kumsimulia mwanafunzi ngano ya sungura na fisi hakukubali kwamba sauti yake ifunze mashine ya kampuni asiyoijua. Ridhaa ya jambo moja si ridhaa ya kila jambo.

Wala si kwamba tumekosa uwezo. Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene vilishirikiana kuunda Kencorpus, hazina ya Kiswahili, Kidholuo na lahaja tatu za Kiluhya, yaani Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Ilipotangazwa mwaka wa 2022 ilikuwa na matini 4,442 zenye maneno takriban milioni 5.6, pamoja na faili za sauti 1,152 zinazofikia saa 177. Kazi hiyo yaonyesha kwamba wasomi wetu wanaweza kukusanya, kupanga na kutoa hadharani bila kusubiri mtu wa kuwashika mkono.

Nini basi kifanywe? Kwanza, vyuo vikuu viweke sharti kwamba hakuna tasnifu ya nyanjani itakayopitishwa kabla sauti zake hazijawekwa katika maktaba ya chuo, na nakala nyingine kuachwa katika shule au maktaba iliyo karibu na jamii husika. Diski ndogo ya kuhifadhia sauti hizo hugharimu pesa kidogo kuliko nauli ya safari moja ya utafiti. Pili, ridhaa iombwe kwa lugha ya mhojiwa, inaswe kwa sauti yake mwenyewe, na itaje waziwazi nani atasikiliza na kwa matumizi gani. Yale ambayo jamii haitaki yatoke nje, kama vile nyimbo za jando au maneno ya matambiko, yafungwe kwa amri yake. Tatu, wahisani wanaofadhili ununuzi wa vifaa wafadhili pia unukuzi, na malipo hayo yawafikie vijana wa jamii hizo wanaoijua lugha.

Walimu na wanafunzi nao wana sehemu yao. Tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976 tumekuwa tukihimizwa kufundisha madarasa ya chini kwa lugha ya mazingira ya mtoto, ilhali katika lugha ndogo vitabu ni haba mno. Mwanafunzi mwenye simu anaweza kumhoji nyanya yake likizoni. Aanze kwa kutaja tarehe, mahali, lugha na jina ambalo msimulizi ameridhia litumike. Asimame mbali na upepo na redio. Asitegemee kuituma sauti kwa programu za ujumbe kama njia ya kuihifadhi, kwa sababu nyingi huibana, na mengi ya matamshi kama ya s na f hufifia. Aiweke faili ya kwanza kama ilivyo, mahali pawili tofauti. Shule ikifanya hivyo kwa miaka mitano itakuwa na hazina ya kuandikia vitabu vya kusoma ambavyo hakuna mchapishaji wa Nairobi angeviwaza.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti ni mgeni, hata akiwa mzaliwa wa kijiji hicho, maana siku atakapoondoka na sauti za wazee amekuwa mtu wa kwingine. Simu, setilaiti na akili bandia zimemrahisishia kuja na kuondoka. Sasa na tudai, vyuoni, shuleni na katika afisi zinazotoa vibali, zimrahisishie pia mwenyeji kupona.