Kichaa cha mbwa: Kinga ipo, tatizo ni kuchelewa

MUDA unayoyoma. Mkakati wa kitaifa wa 2014 uliweka mwaka 2030 kuwa kikomo cha vifo vya Wakenya vitokanavyo na kichaa cha mbwa. Hata hivyo, maradhi hayo yaliyotambuliwa nchini tangu 1912, na ambayo yana chanjo madhubuti, yangali yanaua.

Chanzo kimoja ni jinsi wengi wanavyolipima jeraha. Jeraha la meno, liwe la mbwa, paka au binadamu, likivimba, kuwa jekundu na kutoa usaha, aliyeumwa hukimbilia zahanati, naye hupewa viuavijasumu na sindano ya pepopunda. Lisipovimba, hudhani amenusurika.

Kichaa cha mbwa hakitoi onyo kama hilo. Virusi vilivyomo katika mate ya mnyama husafiri polepole kwenye neva kuelekea ubongoni, na huenda miezi ikapita, kidonda kikapona na mkasa ukasahaulika. Mgonjwa akianza kuogopa maji na kuweweseka, ni nadra mno kuokolewa.

Ndiposa tiba ni ile ya siku ya kuumwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha chanjo ianze bila kusubiri dalili. Aliyechubuliwa ngozi hadi kuvuja damu huhitaji pia kingamwili.

Ushauri huo ni mwepesi kutamkwa kuliko kutekelezwa. Chanjo hutolewa kwa awamu, na kila awamu ni nauli nyingine kwa mkazi wa mashambani. Akikuta dawa zimekwisha, hana budi kuzinunua kwingine au kurudi nyumbani mikono mitupu.

Suluhisho la kudumu ni kuchanja mbwa wenyewe, ambao husababisha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. WHO inasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika.

Hapo ndipo penye kizingiti. Chini ya ugatuzi, huduma za mifugo na za afya ziko mikononi mwa kaunti, lakini katika idara tofauti. Idara ya mifugo ikichanja mbwa, anayeokoa fedha ni mwenzake wa afya. Bajeti hizo mbili zisipopangwa kwa pamoja, 2030 itawadia huku majeruhi wangali wakitafuta sindano.