Punye Haitibiwi kwa Jina la Upele

Mwalimu wa shule ya msingi mjini Voi, au kule Wundanyi kwenye baridi ya milima, aghalabu humwona mwanafunzi mwenye mabaka ya mviringo kichwani, nywele zimekatika na ngozi yatoka magamba. Nyumbani wataita mashilingi, kwa kuwa baka lafanana na sarafu. Jirani ataita upele, na mwenye duka ataita mba. Kila jina huja na dawa yake, na hapo ndipo mtoto anapoumia.

Kiswahili si maskini katika jambo hili. Punye ni ya kichwani, choa ni ya mwilini, na mba ni yale mabaka ya kifuani na mgongoni. Zote tatu husababishwa na kuvu, ambayo ni ukoo mmoja na hamira na uyoga. Upele una vidudu vyake vichimbavyo ngozi, wala dawa ya kuvu haividhuru.

Tofauti ya punye na choa si ya msamiati tu. Choa kwa kawaida hupona kwa malhamu kama klotrimazoli, mradi mgonjwa asiache kupaka mara tu mwasho unapokoma. Punye hujificha ndani ya unywele wenyewe, ambamo malhamu haifiki. Huhitaji vidonge kama vile griseofulvini, dawa iliyotolewa katika kuvu nyingine mwaka 1939 (dawa ya moto ni moto, kweli!). Humezwa pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uipokee, kwa majuma 6 hadi 8. Mzazi anunuaye vidonge vya juma moja amepoteza fedha zake.

Dawa za kuua bakteria nazo haziui kuvu. Chembe ya kuvu imeumbwa kwa namna inayokaribia yetu, ndiyo maana dawa za kuidhuru bila kutudhuru sisi ni chache.

Linaloniudhi zaidi ni malhamu zenye steroidi zinazouzwa ovyo. Hutuliza mwasho siku mbili tatu, mtu akashukuru, kumbe kuvu yaenea chini kwa chini.

Walimu wa Kiswahili na wa sayansi wangeketi pamoja, wakayaandika majina haya ubaoni, pamoja na yale ya Kidawida na Kitaveta ambayo wanafunzi watayapata kwa nyanya zao. Na mwenye punye asifukuzwe darasani. Apelekwe zahanati, kitana chake kisiazimwe, na kinyozi asafishe mashine yake kabla ya kichwa kingine.